Viini Vilivyosinyaa

Kenge hasikii mpaka atokwe damu masikioni, na huyu alikuwa amefukuzwa kwa mawe mara nyingi kabla Kilian hajamuulia ndani ya banda la kuku wake. Kilian aliitaka ngozi, aiwambe kwenye ngoma ya kuchezea mganda. Lakini mzoga aliupeleka kwanza kwa Mwalimu Theresia, maana pale kijijini kwao, ufukweni mwa ziwa, kinyama chochote kisichoingia chunguni hupitia kwa mwalimu wa biolojia.

Theresia akampasua mbele ya wanafunzi. Akawaonyesha ovari mbili, ya kulia imekaa mbele kidogo ya ile ya kushoto, zote zimejaa viini vya mayai. Vingine vilikuwa vidogo kama punje za ulezi, vingine vimenona, vya njano. Katikati yake vilikuwamo vichache vya kahawia, vimesinyaa.

"Mwalimu, hivi vimeoza?" aliuliza Violet, mwanafunzi wa dawati la mbele.

"Havijaoza. Havikufika kuwa mayai. Mwili unavinyonya taratibu, unajirudishia chakula ulichoviwekea."

"Kwa hiyo havipotei bure?"

"Havipotei," alijibu Theresia. Akawaambia wakanawe mikono.

Yeye naye alikuwa na masikio ya kenge. Madaktari walishamwambia hatazaa. Mumewe alisikia upesi, akaondoka. Yeye akaendelea kuitunza sandukuni mbeleko aliyoinunua alipoolewa. Sasa kaka yake kule Litumbandyosi alikuwa amepata mtoto, na kwao mtoto habebwi mgongoni mpaka shangazi alete mbeleko. Theresia alisingizia mitihani, wiki zikapita. Kununua nyingine alishindwa. Kila alipoishika mpya sokoni aliona anamdhulumu mtoto, huku ile ya sandukuni imelala bure.

"Wifi, mwanao bado namkumbatia tu mikononi," Glorious, mke wa kaka yake, alikuwa amelalamika kwenye simu. "Hata shambani siendi."

Alasiri hiyo Theresia alifungua sanduku. Akaitupia mbeleko mgongoni, akainama kama wainamavyo wanawake, akaifunga kifuani, akaikaza. Ikateleza mpaka kiunoni, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameishikilia huko nyuma. Akalia kwa sauti. Katika nyumba ile hakukuwa na wa kumwuliza ana nini.

Alipomaliza akaikunja, akapiga simu.

"Glorious, nakuja kesho. Ila mtoto nitamfunga mgongoni kwangu kwanza, nizunguke naye uani. Kisha nitakupa, yeye na mbeleko yake."