Friji ya Maabara

Picha ya kipimo cha damu ilitoka nyeupe pe. Mpimaji aliisogeza kwenye taa, akaitazama upya. Safu ya damu ya mtoto ilikuwa tupu. Hilo lingewezekana. Lakini safu ya pili ilikuwa ya damu yake mwenyewe, mtu mzima mwenye afya ya punda, nayo ilikuwa tupu vilevile.

Kingamwili waliyoitumia kwenye kipimo ilikuwa na kazi moja: kukisaka ndani ya damu kimeng'enya kinachoiwezesha dawa kufanya kazi, na kukinasa. Kikinaswa, mstari mweusi hujitokeza. Mtoto aliyekikosa hapewi dawa, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuitumia. Anarudishwa nyumbani, na kila mtu anajua anarudi kufanya nini.

"Mjomba," alimwambia mkuu wa maabara, kaka wa marehemu mama yake. "Kingamwili imekufa. Imeharibiwa na joto tangu ulipoihamisha friji."

Friji ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye duka la mke wa mjomba, ikipoza soda. Iliazimwa kwa muda tu, na muda ukaota mizizi.

Mjomba alichukua mkasi, akaikata safu ya mpimaji kutoka kwenye picha na kuitupa kwenye pipa.

"Haya. Shida iko wapi sasa?"

"Shida ni mtoto wa watu, mjomba! Tuagize nyingine, tumpime tena."

"Tuagize, halafu waniulize ya kwanza ilikufa kwa nini?" Alimsogezea kalamu na fomu ya majibu ya mtoto. "Mama yako aliniachia wewe, hakuniachia shamba. Nilikusomesha. Nilikuuliza shida iko wapi?"

Ilimuuma kuliko kofi. Mtu huyu ndiye aliyemfundisha kuweka damu ya mzima kando ya damu ya mgonjwa, ili jibu lisidanganye. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Alitia sahihi, na papo hapo akajichukia.

Mchana mama wa mtoto alitoka kwa daktari, macho makavu, akapita maabara kuaga.

"Ahsante, dada yangu. Angalau tumejua."

Mpimaji alifungua kinywa. Mjomba alikohoa nyuma yake. Akakifunga.

Kupitia dirisha alimwona mama akivuka barabara, mtoto begani, hadi dukani. Aliifungua friji. Mlangoni mwa friji maandishi mekundu yalikuwa bado yanasomeka: DAMU NA DAWA TU. Akamchagulia mwanawe soda. Mtoto aliibandika chupa shavuni, akacheka.

"Mama, ina baridi!"