Jipu la Ubavuni

"Nani amekushonea hiki?" Daktari Gakwaya aliuliza, akiinua kwa vidole viwili kitambaa kilichofungwa kiunoni mwa Mukunde.

"Mimi mwenyewe, muganga. Pamba tabaka nne, pembeni nimepinda mara mbili. Hakivuji hata nikiinama."

"Tangu lini?"

"Jipu hili? Miaka miwili. Linapasuka, linafunga, linapasuka tena."

Christella, binti yake, aliziba mdomo. Kumbe manukato yale yote yalikuwa ya kuficha harufu! Yeye alidhani mama amependa urembo uzeeni.

Daktari aliinua picha ya eksirei dirishani. Upande wa kushoto palionekana kitu cheupe chenye matawi, kama tangawizi.

"Si jipu, mama. Hili ni jiwe. Limejaza figo, figo limeoza, na usaha umejichimbia njia mpaka kwenye ngozi. Hutokea mara chache, mawe yakiachwa muda mrefu. Ulikuwa hunywi maji?"

Mukunde alitazama miguu yake. Pale Nyakabanda anakoshonea, choo kiko nyuma ya ua, na ufunguo anao mwenye nyumba. Bibi harusi akisimama mbele yako, mshanana wake, vazi lake la sherehe, umejaa pini, utamwambia ngoja? Kwa hiyo alikunywa kikombe kimoja tu, jioni, baada ya kufunika cherehani. Homa zikija, alimeza vidonge. Maumivu yakija, alikaza kitambaa.

"Figo hili litolewe," daktari alisema. "Wiki hii. Usaha ukiingia kwenye damu, hatutakuwahi."

"Na hilo lingine?"

"Linafanya kazi, lakini limechoka. Siwezi kukuahidi."

"Basi ningoje. Jumamosi kuna harusi, mishanana sita haina hata pindo."

"Yewe mama!" Christella alimaka. "Wavae mashuka! Watu wa Kigali watasema ni fasheni mpya."

Mukunde alicheka, ubavu ukamkata, kicheko kikaisha. Akaitazama mikono ya daktari.

"Wewe unashona kwa mkono au kwa mashine?"

"Kwa mkono."

"Mbali mbali au karibu karibu?"

"Karibu karibu, mama."

Akaomba kalamu ya kutia sahihi.

Siku iliyofuata upasuaji, Christella alikaa sakafuni kando ya kitanda, macho usawa wa mfuko wa mkojo. Mrija ulikuwa mkavu tangu alfajiri; figo lililobaki lilikuwa halitoi kitu. Muuguzi alipita, akauinamia mfuko, akapita tena. Karibu saa sita tone moja lilishuka, la njano, likaning'inia kwenye mdomo wa mrija.

"Mama," alinong'ona. "Usisogee."