Spika ya Kushoto

Krrr, halafu tap. Kulikuwa hakujapambazuka bado, na Mama Chiriku, gizani kitandani, alisikia futikamba ikijirudisha ndani ya kasha lake huko sebuleni. Akajua mumewe anapima tena.

Alijifunga shuka akatoka. Mumewe alikuwa amepiga magoti, tochi ameing'ata kwa meno, anabandika utepe mweupe sakafuni. Mstari mmoja ulitoka kwenye spika ya kulia hadi kwenye kiti chake. Mwingine ulitoka kitini kwenda upande wa pili, ukaishia chini ya kitanda cha mtoto. Chiriku mwenyewe alikuwa fofofo, mdomo wazi.

"Kitanda itabidi kitoke," alisema baba mtu, tochi sasa mkononi. "Spika ya kushoto inakaa hapo."

"Kitoke kiende wapi?"

"Jikoni. Jikoni kuna joto."

"Baba Chiriku, hivi wewe ni mzima kweli?"

"Spika lazima zipumue, mke wangu. Huwezi kuzibana ukutani."

"Na mtoto?"

"Mtoto anapumua popote."

Hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, akishinda na mngurumo unaotikisa meno, na jioni alirudi na unga kwenye nyusi na masikio yanayovuma. Alichotaka ni kukaa kitini, afumbe macho, amsikie mwimbaji amesimama katikati ya sebule kama mgeni aliyekaribishwa. Kwa hilo spika zilitakiwa ziachane na ukuta, zilingane umbali, na pasiwe na kitu wala mtu kati yake nazo. Meza ilikuwa imeshatoka. Kabati la vyombo nalo. Siku hizi walikula jikoni, wamesimama, na muziki ukianza hakuna aliyekanyaga ndani ya mistari. Mama Chiriku alivumilia, akijiambia kwamba anayeshinda na kelele anastahili raha kidogo.

Kitanda kilitoka asubuhi hiyo. Jioni, muziki ukicheza, mama alimwita mtoto akaoge, na sauti yake haikutoka kinywani mwake. Ilitoka kwenye spika ya kulia. Mtoto akaitikia kutoka kwenye spika ya kushoto.

Baba alifumbua macho. "Hebu semeni tena."

Wakasema tena.

"Safi," alisema, akazungusha kidude kidogo kwenye amplifaya iliyoziendesha spika, akafumba macho yake.

Ikawa hivyo. Ndani ya nyumba mama na mtoto walisikika vizuri kuliko zamani, hata pumzi. Nje ya nyumba walifungua midomo na hakikutoka kitu. Mama akiwa sokoni alinyoosha kidole kwenye nyanya, na bei aliyoitaja ikasikika sebuleni, mbele ya kiti kitupu. Jirani yao, mshonaji, alizoea upesi: alimuuliza mama jambo mlangoni, kisha akazunguka dirishani kusikiliza jibu.

"Shoga, umbea wa kuzunguka nyumba huu utanimaliza magoti," alisema.

Mambo yalibana siku walipompeleka Chiriku kuandikishwa shule. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiofunga, lakini mbele ya mwalimu mkuu alichezesha midomo tu, kimya. Mwalimu alimtazama mtoto, akamtazama mama, akafunika kalamu yake.

"Mtoto ni mzuri, ila sauti kaiacha nyumbani. Hapa tunaandikisha anayejibu. Nafasi imebaki moja, mama. Mlete kesho na sauti yake."

Mama Chiriku hakulala vizuri. Yeye mwenyewe alisoma masomo ya jioni, mtoto akiwa tumboni, na alikuwa amejiapiza kwamba huyu atasoma mchana, kwenye dawati, kama watu.

Mume alipotoka kwenda kazini, alichomoa nyaya. Spika ya kushoto aliibeba mgongoni kwa shuka, akaifunga kifuani kwa mafundo mawili. Mshonaji alijitwisha amplifaya.

"Huyu wako ni mzito kuliko wote niliowahi kuwaona," alisema mshonaji njiani, "na halii."

Chiriku alitembea kwa miguu yake mwenyewe, ameshika pindo la shuka, sauti yake ikibebwa juu ya kichwa chake. Waliopishana nao walisogea pembeni, kama wanavyompisha yeyote mwenye mzigo.

Ofisini mwalimu aliwaonyesha soketi. Chiriku aliulizwa jina, akajibu. Aliulizwa anapenda nini, akasema anapenda kuhesabu na kuku. Kioo cha dirisha kilitetema.

"Ana besi kidogo," alisema mwalimu, akiandika, "lakini anajibu vizuri. Muhula ukianza aje hivi hivi kila siku."

Walirudi mbio. Mama aliweka spika juu ya alama ya utepe, akapangusa vumbi, akaunganisha nyaya, akaenda jikoni kupika.

Mume aliingia, akanawa, akakaa, akawasha. Muda si mrefu akainuka. Krrr, tap.

"Spika ya kushoto imesogea. Kidole kizima."

Jikoni, mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Nani kaigusa?"

"Mimi," ilisema spika ya kulia. "Nimeipeleka shule. Chiriku kaandikishwa, Baba Chiriku. Muhula ukianza ataihitaji sauti yake kila siku. Nakuomba, rudisha kitanda pale, spika zikae ukutani, tuone kama sauti zetu zitaturudia. Muziki utaendelea kuusikia. Na sisi tutapata pa kukaa."

Alimsikiliza mpaka mwisho. Kila neno lilimfikia, hata pale sauti ilipotetemeka.

"Ukutani besi inavimba," alisema kwa upole. "Na wewe umezidi kidogo upande wa kulia."

Akazungusha kidude. Mama Chiriku aliendelea kuongea, mkono kifuani, na spika ya kulia ikatoa kitu kama maji yanayopita mbali.

Mumewe alirudisha spika ya kushoto kwenye alama, akaisukuma kwa kiganja taratibu mpaka ikalingana, akarudi kitini. Chiriku alikuwa amesimama ukingoni mwa utepe, miguu ameibana mmoja juu ya mwingine, anatazama mlango wa uani, kulikokuwa na choo. Alisema kitu.

Baba alitabasamu, macho yamefumbwa. Masikioni mwake mtoto alikuwa amesimama mbele yake kabisa, wazi, kila herufi mahali pake.

"Hapo sasa," alisema. "Sema tena, mwanangu."

"Baba, naomba kupita."