Kanuni ya Saba ya Hambaga

"Mimi, Espoir Byamungu, mjumbe wa kudumu wa Tume ya Kuchunguza Hambaga za Kihistoria, natangaza rasmi kwamba kikao kimefunguliwa."

Aliyasema hayo akiwa wima mlangoni mwa mkahawa, mkono kifuani, mfano wa waziri anayeapishwa. Papo hapo tumbo lake likanguruma hata mafundi wa gereji walioketi benchi la nyuma wakalisikia, na mmoja akamshauri mheshimiwa aketi kabla hajazimia.

Nyuma yake alisimama mama yake, Consolée, furushi la vitenge kichwani. Kazi yake ndiyo hiyo: kuvuka mpaka kutoka Uvira, kununua vitenge Bujumbura, na kurudi kabla barabara haijawa ya wenye bunduki. Likizo hii Espoir, kijana wa miaka kumi na sita aliyerudi kutoka shule ya bweni, alikuwa akimsindikiza.

Tangu alfajiri Consolée hakuwa ametia kitu kinywani. Ndivyo alivyosafiri siku zote tangu mumewe alipokunywa kikombe kimoja matangani, akalala, asiamke. Watu walisema sumu. Nani angejua? Vita vilikuwa vimeshika huku na ng'ambo, na kila mtu alikuwa na jirani wa kumshuku. Tokea hapo hakula kilichopikwa na mkono asioujua. Safari iliyopita alianguka njiani, yeye na furushi lake. Espoir alipomwinua, furushi ndilo lililokuwa zito.

Basi Espoir akaunda tume. Alimweleza mama kwamba shule imewapa kazi ya likizo, kuchunguza mkahawa mkongwe, na Consolée aliiheshimu kazi ya shule kuliko alivyowaheshimu askari wa mpakani. Hivyo ndivyo walivyofika Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kwa Mama Zubeda, ambako hambaga zilikaangwa tangu kabla nchi haijapata bendera yake, juu ya bamba la chuma lililotolewa kwenye lori bovu. Baba yake Mama Zubeda ndiye aliyeanza, akiwapikia madereva.

Mama Zubeda alileta hambaga mbili, vitunguu vikichuruzika mafuta pembeni mwa mkate. Consolée alisema yeye ameshiba, akabaki amesimama na mzigo wake.

Mjumbe akakohoa. "Kanuni ya saba," alisema. "Mpishi ataonja kwanza, mbele ya mashahidi."

Mafundi wakaacha kutafuna. Nyumbani kwao Uvira, Espoir alimwona mama akionja maji kila mara kabla ya kumpa mgeni, na alidhani desturi ni desturi. Hakujua kwamba mwenyeji huonja kwa hiari yake. Mgeni akidai, amekwisha kumshtaki mwenyeji kwa sumu.

"We mutoto," alisema fundi mmoja, Mohamadi, akiweka mkate wake chini, "unamwita Mama Zubeda mulozi?"

Masikio ya mjumbe yakawaka moto. Alitazama mlango, akapima umbali, akakumbuka kwamba mama yake ndiye aliyeuziba.

Lakini Mama Zubeda hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Consolée, midomo iliyokauka, na furushi ambalo hakutaka kulitua.

"Mwache, Mohamadi," alisema. "Baba yangu alikuwa anaonja mbele ya kila mugeni. Ni mi nilisahau. Hii vita imetusahaulisha adabu."

Akanawa mikono, akaketi, akasema Bismillahi, akaing'ata ile hambaga. Alitafuna polepole, akameza, akaisukuma sahani upande wa pili wa meza.

"Tua muzigo, dada."

Consolée akalitua furushi, akaketi, akaitazama alama ya meno kwenye mkate. Akamega palepale, upande ule ule ulioumwa, akala. Akamega tena. Mama Zubeda akaanza kumuuliza bei za vitenge, na Consolée akawa anamjibu mdomo ukiwa umejaa, jambo ambalo angemchapia Espoir. Hambaga ya pili ilikuwa inapoa. Kwa mara ya kwanza katika historia yake tukufu, mjumbe alisahau kula.

Sahani ilipobaki tupu, Consolée alijifuta vidole kwenye pindo la kitenge chake. Macho yake yalikuwa na maji, labda ya pilipili.

"Papa," alimwambia mwanawe, kwa jina la kumbembelezea, "na ile kanuni ya kwanza mpaka ya sita, zinasema nini?"

Shuleni Espoir alikuwa na jibu kwa kila mwalimu, na hata kwa mkuu wa nidhamu. Hapa aliisukuma kando hambaga yake iliyopoa.

"Hazipo, mama. Ya saba pia haipo." Aliinamisha kichwa. "Tume yenyewe haipo, wala kazi ya shule. Niko mi peke yangu. Shule inafunguliwa karibuni, na niliogopa utaanguka tena njiani, na mi sitakuwapo wa kukuinua."