Mmea Uliomeza Jina la Chef

Kila siku saa mbili asubuhi, kabla wakubwa hawajafika kwenye kituo cha utafiti wa mimea, Mwavita alibadilisha maji ya mmea kwenye beseni. Mmea ule hauna mizizi. Una vibofu vidogo kama punje za ulezi, vinavyofunguka ghafla na kumeza wadudu wa majini. Mama yake, Alima, anayeishi kando ya ziwa la Lac Vert, ameuweka kwenye pipa lake la mvua miaka thelathini ili ule viluwiluwi vya mbu. Yeye ndiye aliyewaonyesha watu wa kituo. Haukuwamo katika kitabu chochote, kwa hiyo Mwavita akamwahidi kwamba utaitwa kwa jina lake.

Profesa Henri, mkuu wa kituo, aliona afadhali uitwe kwa jina la Henri. Kwa wataalamu wa mimea ni aibu mtu kuupa mmea jina lake mwenyewe, basi alimwagiza msaidizi wake, Dieudonné, atie sahihi pendekezo hilo. Dieudonné naye aliahidiwa kwamba ukungu mpya wa mihogo utapewa jina lake.

Jumatatu mmea ulimeza jina. Ulianzia kwenye lebo ya beseni. Kwa lenzi, herufi zilionekana zikiyeyuka ndani ya vibofu, H ikiwa ya mwisho kwa sababu ya miguu yake. Kufikia Jumatano jina lilikuwa limefutika mlangoni pa ofisi yake, kwenye kadi yake ya mpiga kura na kinywani mwa mke wake. Kituoni hakuna aliyetambua, kwani wote walimwita Chef, yaani mkuu, tangu zamani.

Alhamisi waliweka jina la mfadhili wa kituo. Likaliwa kabla ya chakula cha mchana.

Mwavita akaandika "Alima" kwa penseli, akalibandika kwenye beseni. Mmea haukuligusa. Ulitoa ua la manjano.

"Alima ni nani?" Chef aliuliza.

"Ni mama yangu, Chef. Ni yeye alituonyeshaka haya majani."

"Iko na diplome?"

"Hapana, Chef."

"Basi."

Alasiri Chef alikwenda ofisi ya commune, wanakoandikisha majina ya watu. Kwa kuwa hakuwa na jina, hapakuwa na la kufuta. Alitoka akiwa Profesa Alima. Makala ikachapishwa: mmea umepewa jina kwa heshima yake. Sahihi ilikuwa ya Dieudonné.

Mama Alima alisikia habari redioni, akichota maji.

"Uyo Alima ni mutu wa wapi?"

"Ni chef wetu, mama."

"Anaweka majani mu pipa?"

"Kwake kuko robinet ya maji."

Mama alichungulia pipa. Hapakuwa na kiluwiluwi hata kimoja. Akalifunika.

"Basi mimi muniite tu Mama Mwavita."