Ubatizo wa Isabela

Petro alipiga simu Jumatatu asubuhi kutoka Masasi mjini, furaha imemjaa hadi maneno yanagongana. Mkewe alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike, kilo tatu na ushee, na Jumapili ileile wangembatiza.

"Jina tumeshakubaliana, mama. Anaitwa Isabela. Arithi jina la shangazi yake."

Yasinta alikuwa amesimama jikoni na mwiko mkononi. Badala ya kupiga vigelegele kama bibi yeyote mwenye akili zake, aliuweka mwiko chini.

"Jina hilo hapana," akasema.

"Kwa nini tena?"

"Nitakuambia. Msiandikishe kwanza."

Akakata simu, na ugali ukaungua huku anauangalia.

Sasa, kwa watu wa huku jina si kofia, kwamba unamvisha mtoto tu kwa sababu limempendeza. Anayerithi jina anampokea na mwenye jina. Petro angemwita bintiye "dada," na Yasinta angemwita mjukuu wake "mwanangu," na wote wangeona ni sawa, maana aliyeondoka amerudi kukaa nao. Ni desturi nzuri, ina faraja. Lakini inataka ujue aliyeondoka yuko wapi. Kijiji kizima cha Kitangari kilijua Isabela yuko wapi: mbinguni, kwa sababu alibatizwa dakika chache kabla ya kukata roho, na kaburi lake liko ndani ya uzio wa kanisa. Yasinta peke yake ndiye aliyejua, au ndivyo alivyodhani, kwamba mtoto yule hakubatizwa kwa maji.

Ilikuwa Oktoba, miaka kumi na miwili nyuma. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, maji yanafuatwa bondeni kwa baiskeli, na kijiji kizima kinanuka mabibo. Kila mwenye mikorosho alikuwa na pombe yake mahali fulani. Yasinta naye alipika nipa, ile gongo ya mabibo, lita tano tu, za kuwakarimu watu waliokuja kumsaidia kuokota korosho. Nipa ikitoka vizuri ni nyeupe pee, huwezi kuitofautisha na maji kwa macho. Aliificha chini ya kitanda kwenye kidumu, pamoja na madumu ya maji, kwa kuwaogopa mgambo, na kwa kumwogopa zaidi mumewe. Benedikto alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kunywa chai hata arusini.

Uchungu ukamkamata mimba ikiwa ya miezi saba. Bodaboda ikatumwa kutafuta gari. Mtoto hakusubiri gari, akatoka mdogo kama kiganja, na rangi yake haikuwa rangi ya mtu wa kukaa. Aliyempokea alikuwa Ethel, mke wa katekista, ambaye wote walimwita Mama Joel, kiongozi wa Umoja wa Mama. Padre alikuwa Newala. Mama Joel alijua, kama kila Mwanglikana wa huku anavyofundishwa tangu utoto, kwamba padre akiwa mbali na mtoto anaondoka, Mkristo yeyote aweza kubatiza. Unahitaji maji, na maneno ya Utatu.

"Leteni maji."

Wanawake wawili waliosimama mlangoni wakatikisa ndoo. Tupu. Wakayatikisa madumu, nayo matupu. Yote yalikuwa yamekwisha kwa kumwosha mzazi na kichanga. Mama Joel akainama, akavuta kidumu kilichobaki kule nyuma chini ya kitanda, akakifungua.

Yasinta alikiona. Alikuwa amelala chali, hana nguvu ya kuinua hata mkono, lakini ulimi alikuwa nao. Na muda alikuwa nao. Hilo ndilo lililomla miaka yote: alikuwa na muda. Maneno yenyewe mawili tu, si maji. Lakini wale wa Umoja wa Mama walikuwa mlangoni na masikio yao, na nje Benedikto alikuwa akisali kwa sauti na wazee wenzake, na aibu ikamzidi Yasinta. Akaona nipa inamiminwa kwenye kikombe. Akaona inamwagwa kichwani mwa mwanawe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Isabela, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Yasinta hata jina hakuulizwa. Mtoto akafumba jicho moja, akalifumbua. Gari lilipofika alikuwa ameshapoa.

Toka siku hiyo Yasinta hakukaribia tena meza ya Bwana. Alisema ana vidonda vya tumbo, divai inamchoma. Padre akamwambia apokee mkate peke yake, naye akajibu kwamba hata mkate unamkwaruza, na padre hakumuuliza zaidi. Benedikto alifariki miaka mitatu iliyopita bila kujua. Kwaresima ya mwaka huu, kwenye mafundisho, yakasomwa yale ambayo Bwana alimwambia Nikodemo, juu ya mtu kuzaliwa kwa maji na kwa Roho, la sivyo haingii ufalme wa Mungu. Yasinta, palepale kwenye benchi, alimwona mwanawe amesimama mbele ya lango, mdogo vilevile, ananuka pombe, na kila anayepita anaziba pua. Picha hiyo haikumtoka tena. Ilimjia akiwa anapalilia, ilimjia akiwa anapanga foleni ya maji.

Na sasa jina la huyo wa langoni wanataka kumvisha kichanga asiye na kosa.

Jumatano hakula. Alhamisi akapiga moyo konde, akachemsha ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, akaifunga kwenye kanga, akapanda bodaboda kuteremka Chiungutwa, ambako Mama Joel alihamia kwa mwanawe baada ya katekista kufariki. Alikuwa ameamua: atamwambia aliyebatiza. Mama Joel ataghadhibika, atamfukuza, habari itarudi juu kijijini kabla yake, pengine kaburi litahamishwa nje ya uzio. Na liwe. Kwenye mteremko yule kijana wa pikipiki alimuuliza kama anajisikia vibaya, maana alikuwa amemshika kiunoni kwa nguvu mpaka anashindwa kuhema.

Mama Joel alikuwa barazani, miguu imevimba imenyooshwa kwenye mkeka, anabangua korosho. Vidole vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda. Umri haukuwa umempunguzia ukali hata kidogo.

"Shikamoo, Mama Joel."

"Marahaba, Mama Petro. Umekonda. Kaa. Hiyo ni ming'oko? Weka pale kabla kuku hawajaiona."

Yasinta akakaa. Alikuwa amepanga maneno tangu Jumatatu, aanzie mbali, aulizie afya, aulizie wajukuu. Yote yakapotea.

"Siku ile ya Isabela," akasema, "kile kidumu. Yale hayakuwa maji."

Mama Joel akagonga korosho, akatoa kiini, akakiweka kwenye ungo.

"Najua."

"Hujanielewa. Ilikuwa nipa."

"Nina pua, Mama Petro. Nilipokifungua ule mvuke ulinipanda mpaka machoni. Ulikuwa umeipika vizuri, kwa kweli."

Yasinta akashika nguzo ya baraza. Kumi na miwili. Miaka kumi na miwili mwanamke huyu amekuwa akimsalimia mlangoni mwa kanisa, amekaa naye benchi moja misibani, amemletea uji Benedikto akiugua, na muda wote anajua.

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wale wawili mlangoni? Habari ingefika Newala kabla ya gari. Nilikuwa na mtoto mkononi, zimebaki pumzi tatu au nne. Maji hakuna. Kumtuma mtu kwa jirani hakuna nafasi. Nikamwambia Mungu kimoyomoyo: jina mimi nalitaja, maji utayatafuta mwenyewe. Nikamwaga."

"Kwa hiyo hakubatizwa."

"Padre yeyote ukimuuliza atakuambia hakubatizwa."

"Basi yuko wapi?"

Hapo Mama Joel aliacha kubangua. Yasinta alimwangalia usoni akitafuta lile jibu kali la kiongozi wa Umoja wa Mama, ambalo hata likimhukumu lingekuwa jibu. Alichokiona kilimtia hofu kuliko hukumu. Mwanamke yule mzee naye alikuwa anaogopa.

"Sijui," akasema. "Najiambia yule mwizi msalabani hakuna aliyemwagia maji, na Bwana alimwambia leo hii watakuwa pamoja. Najiambia tumeokolewa kwa neema, na neema si kazi ya mikono yangu, kwamba nikikosea kikombe nayo inamwagika. Mchana nasadiki kabisa. Halafu ikifika Pasaka, padre anabariki maji ya ubatizo, mwili unanisisimka. Wewe ulinyamaza tu. Mimi nilitaja jina la Utatu juu ya gongo, kwa kujua. Ningeanza kukuomba msamaha miaka hiyo, lakini ningekuombaje bila kukuambia kwamba najua siri yako?"

Yasinta alikuja kuhukumiwa, na sasa aliyepaswa kuhukumu ameinamisha kichwa mbele yake.

"Na lile jina," akauliza, kwa kuwa lilikuwa limemkera siku nyingi. "Kwa nini Isabela? Kwetu hakuna Isabela."

"Ni mama yangu mzazi. Nilijua nimemmwagia nini mtoto wa watu, sikuweza kumwachia aende hivihivi. Nikampa jina la mama. Kama watamzuia mlangoni, wataliita jina lake, na mama atasikia anaitwa, atatoka. Mama yangu alikuwa hawezi kusikia kitoto kinalia nje yeye akaendelea kukaa ndani."

Machozi yakamtoka Yasinta, ya kelele, yale ambayo hayakumtoka hata siku ya maziko. Mama Joel alimwacha alie. Kisha akajifuta vidole kwenye kanga yake, ijapokuwa weusi ule hautoki kwa kufuta.

"Mezani unakwenda?" akauliza Yasinta alipoweza kusema. "Unapokea?"

"Kila Jumapili anaponiletea padre hapa."

"Bila kuogopa?"

"Natetemeka mpaka anashika mkono wangu mkate usianguke. Wewe ulidhani wanaopokea ni wale wasioogopa?"

Yasinta aliondoka jua likiwa bado juu. Alitembea mpaka barabarani taratibu, kanga tupu mkononi. Alikuwa anategemea hofu imwishe, maana ndivyo watu wanavyosimulia wanapotoka kuungama, kwamba wanakuwa wepesi. Yeye hakuwa mwepesi. Hofu ya kuhukumiwa alikuwa ameizoea, alijua inakaa wapi mwilini. Hii ilikuwa nyingine. Mtu alikuwa ameujua uchafu wake wote tangu dakika ile ya kwanza, akaufunika, na akampa mwanawe jina la mtu aliyempenda kuliko wote. Na kama mwanadamu mkali vile, mwenye miguu ya kuvimba, aliweza kufanya hivyo, basi huyo mwingine aliyekuwepo chumbani, aliyeombwa atafute maji mwenyewe, alifanya nini? Alipofikiri hapo nywele zilimsimama. Ilibidi akae kwenye jiwe kando ya lami.

Akatoa simu.

"Petro. Mmeshaandikisha jina?"

"Bado, mama, tunakungojea wewe. Mke wangu anasema basi tumwite Gift."

"Mwiteni Isabela."

"Si ulikataa?"

"Nilikataa. Nikija nitawaeleza yote, wewe na padre, na mkisikia mtanikasirikia, na mna haki. Nilikuwa naogopa."

"Na sasa huogopi?"

Pikipiki ilipita, akaingoja ipite.

"Bado naogopa, mwanangu," akasema. "Mwiteni hivyohivyo."