Halwa ya Bwana Chirau

Kitu cha kwanza alichokiona Bi Mwanamisi alipoingia uani kwake na mtungi kichwani kilikuwa mate mekundu ya tambuu, yametapakaa kwenye mchanga alioufagia alfajiri. Hakuhitaji kuambiwa mgeni ni nani. Kinondo ilikuwa na watafunaji tambuu wengi, ila wenzake walibeba kopo la kutemea, au angalau walijua kujitenga nyuma ya kichaka. Aliyetema mlangoni kwa watu kana kwamba ua ni wake alikuwa mmoja tu, Bwana Chirau, baba mdogo wa mkaza mwana wake Mbeyu.

Alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka mpya, ule wa wageni, ambao hakuna aliyemtandikia. Alikuja na wanaume wawili wa Ukunda. Katikati yao walikuwa wamemweka Mbwana, mtoto wa pekee wa Bi Mwanamisi, wamemwegemeza ukutani, kidevu kinang'aa mafuta. Mbele yao palikuwa na sahani ya halwa iliyokwishaliwa, nzi wameshaikalia. Wale wawili walikuwa wakilamba vidole, kimoja baada ya kingine, polepole, kama watu waliomaliza kazi.

"Karibu kwako, Bi Mwanamisi," alisema Chirau.

Alitua mtungi, akajibu kama inavyompasa Mwislamu kumjibu mgeni. Chirau hakumchelewesha. Alimweleza kwa sauti ya upole, huku akitafuna, kwamba asubuhi ile Mbwana alikuwa amemwacha mkewe, talaka tatu, kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi wawili watu wazima wanaoswali. Yeye Chirau alikuja kumjulia hali tu, na haya yakamkuta. Ameshatuma mtu Mkongani, alikokwenda Mbeyu, kumwambia asirudi, akae kwa jamaa zake mpaka eda iishe.

Bi Mwanamisi alimtazama mwanawe. Mbwana naye alikuwa akiitazama ile sahani.

Watu wa Kinondo walimjua Mbwana kuwa ni mkwezi asiye na mfano. Kulipokaribia Uhuru, wazee walitaka makuti mabichi ya kupamba lango la uwanja wa sherehe. Mvua ilikuwa imenyesha na minazi inateleza, na wakwezi wenzake wakasema wangoje jua. Mbwana alisema nchi haipati uhuru mara mbili, akajifunga kamba miguuni akapanda. Alikata makuti ya kutosha malango mawili, kisha akaja chini kama nazi, kichwa kikatangulia. Walimchukua kwa kitanda cha kamba mpaka hospitali ya Msambweni, na baadhi ya waliombeba wakarudi mbio wasikose ngoma. Lango lilipambwa kwa makuti yale yale. Bi Mwanamisi aliambiwa baadaye kwamba lilipendeza sana, na aliyemwambia hakuona kwamba amesema neno la kuumiza.

Baada ya miezi Mbwana alirudishwa nyumbani akiwa macho wazi na mdomo mzito, upande wa kulia umelala. Chirau ndiye aliyembandika jina la Bwana Uhuru. Akipita na wenzake husema, "Haya ndiyo matunda yake," na wenzake hucheka.

Hospitalini walikuwa wamewaambia neno moja tu, na wale wanawake wawili walilishika kama wasia. Mguu ufundishwe kutembea, mkono ufundishwe kushika, ulimi ufundishwe kusema, kila siku, na wasichoke. Basi wakachimbia boriti mbili uani, na Mbeyu akawa humfunga mumewe leso kiunoni, akaishika kwa nyuma, akamtembeza katikati ya zile boriti, hatua na kuanguka, hatua na kuanguka. Mkono walimfundisha kwa makuti. Walimwekea upande wa kuti mapajani, naye akausuka, jani juu, jani chini, mpaka vidole vikaanza kukumbuka. Kumwosha, kumbadilisha nguo alizojichafulia, kumpangusa udenda, yote hayo waliyafanya, na Bi Mwanamisi hakuona kinyaa hata siku moja. Mtu haoni kinyaa kwa alichokizaa.

Ulimi ulikuwa kazi yake yeye. Aliufundisha kwa njia aliyoijua, njia ya chuo cha Kurani, mwalimu anatangulia na mtoto anafuatisha. Sema, maji. Maji. Sema, leo nimekula. Leo nimekula. Alianza na neno moja akafika kwenye Alhamdu nzima, aya kwa aya, na siku Mbwana alipomfuatisha mpaka amina, Bi Mwanamisi alisujudu pale pale kwenye vumbi. Kisha akaenda kisimani akawaambia wanawake kwamba mwanawe akili zimerudi, amesoma Alhamdu. Alichowaficha ni kwamba Mbwana hakuwa akianza neno lolote peke yake. Ukimwambia sema, atasema. Usipomwambia, atakaa kimya mpaka jua lizame.

Habari za kisimani hazilali. Chirau alizipata, na Chirau alikuwa na haja zake. Chome, mwenye duka la mbata Ukunda, alikuwa akitafuta mke mdogo, naye alikuwa amekwisha kumwambia Chirau kwamba huyo binti wa nduguye ana mikono ya kazi. Siku moja kabla ya ile halwa, Mbeyu aliletewa habari kwamba shangazi yake yu hoi Mkongani. Alipofika alimkuta shangazi anatwanga mahindi, mzima kuliko yeye.

Alirudi jioni ya siku ile ya halwa, na yule mjumbe wa Chirau wakapishana njiani. Bi Mwanamisi alimweleza yote bila kuficha. Mbeyu alisikiliza mpaka mwisho, akakaa chini mlangoni mwa jiko.

"Mama, siendi kwa Chome wala kwa mwingine," alisema. "Lakini kama nimeachwa, nikimshika nitakuwa namshika mume wa zamani. Sitaki haramu. Mwite Maalim aje aseme."

Maalim Alfani alikuwa safarini Vanga, hakutazamiwa kurudi kabla ya Ijumaa. Siku zile Mbeyu alilala jikoni, akapika, akachota maji, na hakumgusa Mbwana. Bi Mwanamisi ndiye aliyemwinua peke yake, akamwosha peke yake, akamfunga leso akaishika kwa nyuma. Alhamisi wakaanguka wote wawili kati ya boriti, mama chini na mwana juu, na hakuweza kumwinua mpaka jirani alipopita. Alipokuwa amelala pale, mchanga mdomoni, alielewa bila kuambiwa na mtu kwamba Mbeyu akiondoka, mwanawe hatasimama tena. Atalala kitandani mpaka amalize umri wake, na mgongo utamtoka vidonda.

Ijumaa baada ya swala watu walikuja. Walikuja wengi kuliko waliohitajika. Walikuja hata wale ambao tangu Mbwana aanguke hawakuleta ndizi moja. Walijipanga kwenye baraza na chini ya mchongoma wakiwa na nyuso za watu waliokuja kutazama ng'ombe akichinjwa, na Bi Mwanamisi alipokea mkono wa kila mmoja huku akitamani kwenda kunawa. Mashahidi wawili walikaa karibu na Chirau. Leo hawakuwa na cha kulamba.

Maalim Alfani alikuwa mtu mfupi wa maneno. Aliwasikiliza mashahidi, nao wakasema walivyosikia, na kwa kweli walivyosikia ndivyo ilivyokuwa. Kisha akamgeukia mama.

"Talaka ya mtu asiye na akili si talaka. Kwa hiyo nakuuliza wewe unayelala naye nyumba moja. Mwanao akili anazo au hana?"

"Aulizwe nini, Maalim?" alisema Chirau. "Kisima kizima kilimsikia. Alisema zimerudi."

Mbwana alikuwa ameketi pale, hatua moja kutoka kwake, macho yamemwelekea. Bi Mwanamisi akayapima majibu yote mawili. Akisema hana, Mbeyu atabaki, lakini atakuwa amemfukia mwanawe mbele ya kadamnasi, na mwenyewe anasikia. Akisema anazo, Mbeyu anakwenda kwa Chome. Na kusema uwongo siku ya Ijumaa hakukuwamo katika aliyoyafundishwa.

"Akili anazo," alisema hatimaye. "Ulimi ndio wa kuazima. Ukimpa neno atalibeba, hata la mwizi."

Maalim akamtaka aonyeshe. Bi Mwanamisi akamsogelea mwanawe, akampangusa kidevu kwa ncha ya leso.

"Mbwana, sema, leo ni Jumatatu."

"Leo ni Jumatatu."

"Sema, mimi ndiye Chirau."

"Mimi ndiye Chirau."

Watu wakaanza kucheka. Akamwambia, sema, nimemwacha mke wangu Mwanasha. Mwanasha alikuwa mke mkubwa wa Chirau, na kila aliyekuwapo alimjua. Mbwana akasema, nimemwacha mke wangu Mwanasha, na mtu mmoja wa nyuma akatia, "Bwana Chirau, leo utapikiwa na nani?" Baraza zima likaangua kicheko, Maalim akaziba mdomo kwa ncha ya kilemba. Hata wale mashahidi walicheka.

Bi Mwanamisi hakucheka. Aliyatazama meno yao na koo zao zilizofunguka, akaona kwamba amewachezeshea mwanawe kama kasuku wa dukani. Alitaka yaishe. Akatafuta neno ambalo likisemwa hapatakuwa na mjadala tena, akalipata, akalitoa kabla hajalitafakari.

"Sema, sina mama."

Mbwana akanyamaza.

"Sema, mwanangu. Sina mama."

Mbwana akamtazama. Mdomo ulifunguka, ukafumba. Mkono wake wa kulia, ule mbovu, ukatambaa juu ya mkeka ukaikamata ncha ya leso ya mamake, ukaing'ang'ania kama unavyoshika jani la kuti. Machozi yalimtoka yakachanganyika na udenda.

Siku nyingine yoyote Bi Mwanamisi angelipiga kigelegele. Lilikuwa jambo la kwanza alilolikataa mwanawe tangu aanguke. Lakini Chirau alikwisha kuruka na kusimama.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Alitakalo hulisema, asilolitaka huliacha. Basi na talaka aliitaka."

Kicheko kikakatika. Watu wakamtazama Maalim, na Bi Mwanamisi akahisi ameibomoa nyumba kwa mkono ule ule aliotaka kuitegemeza. Maalim akauliza siku ile ya halwa mke alikuwa wapi. Akaambiwa Mkongani. Akaamuru aitwe.

Mbeyu alitoka jikoni, mikono ina unga, akajifunika, akaketi mbele ya mumewe, mbali kidogo. Maalim akamwambia Chirau, mtie tena maneno yale yale, lakini huyu akiwa hapa anaonekana.

Chirau alimeza mate yake. Akainama mbele ya Mbwana, uso kwa uso, na harufu ya tambuu ikamfikia Bi Mwanamisi alipokuwa.

"Haya, Bwana Uhuru. Sema, Mbeyu, nimekuacha."

"Mbeyu," alisema Mbwana.

"Nimekuacha. Sema, Mbeyu, nimekuacha."

"Mbeyu."

Chirau alirudia mara ya tatu, na sasa sauti haikuwa ya upole tena, matone mekundu yakamrukia Mbwana shavuni. Mbwana hakumtazama. Alimtazama mkewe, akasema jina lile lile, hakuongeza kitu.

"Yatosha," alisema Maalim. "Siku ile hakuacha mtu, alifuatisha. Leo amejua ni nani, na hakumwacha. Huyu ni mke wa mtu, na nyinyi mashahidi mmeshuhudia tumbo lenu."

Mbeyu alikuwa ameshasimama. Alikwenda akakaa upande wa kulia wa mumewe, akamfuta yale matone shavuni kwa kiganja chake chenye unga.

Ungetazamia kwamba Chirau angeona haya. Aliomba maji. Mgeni akiomba maji hanyimwi, na Bi Mwanamisi akamletea kwa kata, kifuu alichokitengeneza marehemu mumewe. Chirau alisukutua, akatema mchangani, akanywa yaliyobaki, akamwambia Maalim kwamba yeye alitaka heri tu. Wale mashahidi nao walikuja kumpa mkono wa hongera, wakamwambia kweli Mungu mkubwa. Vidole vyao vilikuwa laini na vyenye jasho. Alisema amina, kwa kuwa neno lenyewe halikuwa na kosa.

Walipokwisha kuondoka aliinuka, akaliokota jembe, akachota mchanga wote uliotiwa mate, mwekundu na usio mwekundu, akaenda kuutupa mbali na kisima. Kisha akakichukua kile kifuu, akakigeuza geuza, akakumbuka mikono iliyokichonga. Akakivunjia jiweni.

Asubuhi Mbeyu alimtembeza mumewe kati ya boriti. Alipochoka walimketisha, na Bi Mwanamisi akaketi mbele yake kama kawaida, kikombe cha maji mkononi. Neno lile, sema, lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, na lilikuwa chungu, maana alikumbuka jinsi lilivyomtoka Chirau. Hakutaka kulisikia tena katika ua ule, si kwa kinywa cha mtu mwingine wala kwa chake.

Akakiweka kikombe mkekani, mahali mwanawe anapokiona. Udenda ulikuwa unamshuka, akaupangusa. Mbwana alikitazama kikombe, akamtazama mama. Jua lilipanda likafika kwenye paa la jiko, Mbeyu akaja kuchungulia akarudi. Bi Mwanamisi alikunja miguu vizuri, akamfukuza nzi, akangoja.